Maswali ya Wasomaji: Seli Hujipangaje Hadi Zikawa Kiungo?

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja: namna seli zinavyoshikana na kujipanga wakati kiinitete kinapojenga tishu. Tumechagua saba. Mengine tumeyajibu kwa kirefu kwa sababu yanastahili, mengine kwa mistari michache.

Wahariri, salaam. Nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Kitabu kinasema tu kwamba seli "hutofautika na kuunda tishu". Wanafunzi wanauliza: seli za kiinitete zikitenganishwa moja moja kisha zikachanganywa, zitajipanga tena? Na zinajuanaje? (Mwalimu, Tanga)

Mwalimu, waambie ndiyo, zinajipanga tena, ingawa kila seli hairudi pale pale ilipokuwa. Kinachorudi ni mpangilio wa tabaka.

Mwaka 1907 H. V. Wilson, Marekani, alikamua sifongo hai kupitia kitambaa cha hariri chenye matundu madogo. Seli zilizotoka zilitambaa chini ya bakuli, zikakutana, zikashikana, na hatimaye zikajenga sifongo ndogo zilizo hai. Mwaka 1955 Philip Townes na Johannes Holtfreter walifanya jambo la aina hiyo kwa viinitete vya amfibia. Wao waliyafanya maji yawe na alkali zaidi hadi seli zikaachiana, kisha wakayarudisha katika hali yake. Walipochanganya seli za ngozi ya baadaye na za neva za baadaye, walipata donge lisilo na mpango wowote. Baada ya muda seli za neva zilikuwa ndani, na za ngozi zimezifunika. Walipoongeza za mesodemu, yaani tabaka la kati la kiinitete, hizo zilikaa katikati. Huo ndio mpangilio wa mwili wenyewe, na umetokea ndani ya bakuli bila kiinitete kizima kuwapo.

Malcolm Steinberg aliuliza ni nguvu gani inayofanya hivyo. Mwaka 1963 alieleza majaribio yake ya seli za kiinitete cha kuku: gegedu la kiungo (mguu au bawa), moyo, na ini. Gegedu likichanganywa na moyo, gegedu hukaa ndani. Moyo ukichanganywa na ini, moyo hukaa ndani. Je, gegedu na ini? Gegedu ndani, kama ambavyo mtu angetabiri kutokana na mawili ya kwanza. Steinberg akasema seli hufanya kama mafuta na maji yaliyotikiswa pamoja: zinazoshikana kwa nguvu zaidi hukusanyika ndani, zinazoshikana kwa ulegevu huenea nje na kuzizunguka.

Wazo hilo linaweza kupimwa, na hapo ndipo lilipopata heshima. Unachukua donge la duara la tishu, unalibana kati ya bapa mbili zilizo sambamba, unapima kani inayohitajika na umbo lake linapotulia. Ukiwa na hayo unakokotoa mvutano wa uso wake. Ramsey Foty, Steinberg na wenzao walichapisha vipimo hivyo mwaka 1996, kwa tishu za kiinitete cha kuku: mesodemu ya kiungo 20.1, tabaka lenye rangi la jicho 12.6, moyo 8.5, ini 4.6, na retina ya neva 1.6, zote kwa milinyutoni kwa mita. Waandikie wanafunzi namba hizo ubaoni na uwaache watabiri wenyewe nani atakaa ndani ya nani. Kila jozi hutii: yenye mvutano mkubwa hufunikwa na yenye mvutano mdogo.

Sasa, zinajuanaje. Mwaka 1977 Masatoshi Takeichi, Japani, alionyesha kwamba seli zina njia mbili za kushikana: moja haihitaji kalsiamu, nyingine haifanyi kazi bila hiyo. Protini za njia hii ya pili ziliitwa kadherini. Kadherini ya kawaida hutokeza nje ya utando wa seli kwa sehemu tano zilizofuatana, na ayoni za kalsiamu hukaa kwenye maungio baina ya sehemu hizo. Kalsiamu ikiwapo, protini husimama imara na ncha yake hushika ncha ya kadherini ya seli jirani. Kalsiamu ikiondolewa, protini hulegea, haishiki, na vimeng'enya huikata kirahisi. Kwa ndani, mkia wake hushika protini ziitwazo katenini, na hizo huuunganisha na nyuzi za aktini. Kwa hiyo seli mbili zinaposhikana, mifupa yao ya ndani huwa imeunganishwa pia.

Kuna aina nyingi. Ngozi na tabaka za kufunika viungo hutumia zaidi E-kadherini. Neva na misuli ya moyo hutumia N-kadherini. Maabara ya Takeichi ilichukua seli za panya ziitwazo L, ambazo hazina kadherini na hazishikani, ikazipa jeni. Zilizopewa E-kadherini zilishikana. Zilizopewa E na zilizopewa aina nyingine, P-kadherini, zikichanganywa, zilijitenga kila kundi na lake. Baadaye, mwaka 1994, Steinberg na Takeichi walionyesha kwamba hata aina ikiwa moja, wingi wake unatosha: seli zenye kadherini nyingi zilikaa ndani, zenye kidogo zikakaa nje. Hapa wanafunzi hukosea kwa kudhani kila seli ina anwani ya siri. Zina aina ya protini, zina kiasi chake, na zina uwezo wa kusogea. Hivyo vitatu vinatosha kupanga mengi.

Nimesoma kwamba maelezo ya Steinberg yamepitwa na wakati na kwamba kinachopanga seli ni "mvutano" wala si kushikana. Mnasemaje? (Mhandisi msomaji wa sayansi, Dar es Salaam)

Hayajapitwa, yamepanuliwa, na upanuzi huo ni wa maana sana.

Chini ya utando wa kila seli kuna wavu wa aktini unaovutwa na miosini, protini ile ile inayokunja misuli. Wavu huo hujaribu kuifanya seli iwe duara. Seli mbili zinapogusana, kuna mashindano: kushikana kunapanua eneo la mgusano, mvutano wa wavu unalipunguza. Mwaka 2008 Michael Krieg, Carl-Philipp Heisenberg na wenzao walipima seli moja moja za kiinitete cha danio, samaki mdogo wa maabara. Seli za ektodemu (tabaka la nje la kiinitete) zilikuwa na mshikano dhaifu kuliko za mesodemu na endodemu (tabaka la ndani). Kwa hesabu ya kushikana peke yake zingepaswa kukaa nje ya donge. Zilikaa ndani, kwa sababu mvutano wa wavu wao ulikuwa mkubwa zaidi.

Kazi ya Jean-Léon Maître na wenzake, mwaka 2012, ikaeleza zaidi: kwa seli hizo, nishati inayotokana na kadherini kushika kadherini ni ndogo mno kuamua ukubwa wa mgusano. Kazi kubwa ya kadherini ni kuziunganisha nyavu mbili ili zivutane bila kuchanika, na pale zilipogusana mvutano hupungua. Kwa mhandisi: mvutano wa uso wa tishu ni jumla ya yote mawili, na vile vipimo vya bapa mbili haviwezi kukwambia ni kiasi gani kinatoka wapi. Vipimo ni sahihi. Tafsiri ya mwanzo ndiyo iliyokuwa finyu.

Ukitaka kuona vyote viwili mahali pamoja, tazama kiinitete cha panya chenye seli 8. Mwanzoni seli zake zinaonekana kama mipira iliyogusana. Ndani ya saa chache zinajibana hadi mipaka baina yake haionekani vizuri. Ukiondoa kalsiamu, zinarudi kuwa mipira. Mwaka 1977 Rolf Kemler na wenzake, Paris, walizuia kujibana huko kwa kingamwili zilizoelekea protini ambayo leo tunaiita E-kadherini. Nguvu ya kubana yenyewe, kama ilivyoonyeshwa baadaye, hutoka kwenye wavu wa aktini na miosini upande unaotazama nje. Kadherini pekee isingezibana, na miosini pekee ingezitenganisha.

Habari za kazi. Nasoma uzamili na ninajaribu kupima mshikano wa seli za tabaka la kufunika, pamoja na kutengeneza madonge kwa matone yanayoning'inia. Seli nazitoa kwa tripsini (kimeng'enya kinachokata protini) yenye EDTA (kemikali inayonasa kalsiamu). Mara nyingine hazishikani kabisa kwa saa kadhaa, mara nyingine zinashikana papo hapo kwa mabonge mabaya yenye utelezi. Nakosea wapi? (Mwanafunzi, Nairobi)

Habari njema, ndugu yetu. Dalili zako ni mbili na chanzo chake ni tofauti, kwa hiyo tutazitenganisha.

Kwanza, kutoshikana. Watu wengi hulaumu mabaki ya EDTA. Piga hesabu: tripsini ya kawaida ya dukani ina EDTA takriban milimola 0.53 kwa lita. Mililita moja ikiingia katika mililita nne za midia (maji ya lishe ya kukuzia seli), inabaki takriban 0.1, ilhali midia ya DMEM ina kalsiamu milimola 1.8. Kalsiamu inashinda kwa mbali. Ila ukitumia RPMI 1640 kumbuka kwamba kalsiamu yake ni takriban 0.42 tu, na hapo nafasi ya makosa ni ndogo. Mkosaji halisi ni tripsini yenyewe: EDTA imeondoa kalsiamu, kadherini imelegea, tripsini imeikata sehemu ya nje. Hakuna kiasi cha kalsiamu kitakachorudisha protini iliyokatwa. Seli lazima itengeneze nyingine, na hilo huchukua saa kadhaa. Ndiyo kimya unachokiona.

Dawa yake ni njia ya Takeichi: tripsini pamoja na kalsiamu. Kalsiamu ikiwapo, tripsini hukata vitu vingine vingi na kuiacha kadherini. Fanya hivi.

Anza na seli zilizofunika asilimia 70 hadi 80 ya sahani; zilizojaa kabisa hutoka kwa vipande. Zioshe mara mbili kwa bafa ya HEPES (maji yanayodumisha kiwango cha asidi) isiyo na kalsiamu wala magnesi. Weka tripsini ya asilimia 0.01 ndani ya bafa hiyo ikiwa na kloridi ya kalsiamu milimola 1 hadi 2. Nyuzijoto 37, dakika 15 hadi 20, ukitikisa polepole. Seli zitatoka zikiwa makundi, usishtuke: kadherini bado zimeshikana, na ndivyo unavyotaka. Zima tripsini kwa kizuizi cha soya, uzito usiopungua ule wa tripsini. Usitumie seramu hapa, kwa sababu ina fibronektini (protini ambayo seli huishika) na kalsiamu ambazo zitavuruga kipimo. Zungusha kwenye sentrifuji kwa g 200 dakika 5, mwaga maji ya juu, osha tena kwa bafa yenye kalsiamu na kizuizi kidogo.

Sasa ndipo uondoe kalsiamu, na mpangilio huu ndio roho ya jaribio. Ukiondoa kalsiamu wakati tripsini bado ina nguvu, utakata kadherini zote ulizotoka kuzilinda, kisha utaandika kwamba seli zako "hazina mshikano". Tumeona matokeo ya namna hiyo yakitetewa kwa bidii. Ukishahakikisha tripsini imezimwa na kuoshwa, weka seli kwenye bafa baridi isiyo na kalsiamu, zitenganishe kwa kupandisha na kushusha kwa pipeti taratibu, pitisha kwenye kichujio cha mikromita 40, na uziache juu ya barafu.

Kwa kipimo, tumia sahani ya vishimo 24 iliyopakwa albumini ya asilimia 1 usiku kucha kwenye jokofu, ili seli zisishike plastiki. Weka seli 100,000 katika mililita 0.5 kwa kila kishimo. Kundi la kwanza lipe kalsiamu milimola 1. La pili lipe EDTA milimola 1 bila kalsiamu. La tatu, ukiwa nayo, kalsiamu pamoja na kingamwili ya kuzuia kadherini yako. Tikisa kwa mizunguko 80 kwa dakika, nyuzijoto 37. Simamisha kishimo kimoja dakika ya 0, kingine 15, 30 na 60, kwa glutaraldehidi ya asilimia 2. Hesabu vipande, yaani donge moja ni kipande kimoja, hata likiwa na seli ishirini. Ukianza na vipande 400 na kubaki na 100, fahirisi ni 300 gawanya kwa 400, yaani 0.75. Kundi la EDTA likikupa zaidi ya kiasi kidogo, tatizo si kadherini. Rudi kwenye dalili yako ya pili.

Dalili ya pili, mabonge yenye utelezi, ni DNA. Seli zilizopasuka humwaga DNA na hiyo hunasa kila kitu. Utaitambua kwa macho: ukiinua pipeti, uzi mwembamba unafuata. Haitegemei kalsiamu. Ongeza kimeng'enya cha kukata DNA, DNase I, mikrogramu 20 hadi 50 kwa mililita, pamoja na magnesi kidogo kwa sababu kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila hiyo, dakika 5 hadi 10. Kisha tafuta kilichopasua seli: tripsini kukaa muda mrefu, pipeti yenye mdomo mdogo, au mapovu. Usiendelee kama seli hai, kwa rangi ya tripani buluu, ziko chini ya asilimia 90.

Matone yanayoning'inia ni rahisi zaidi. Mikrolita 20, zenye seli 500 hadi 1,000, juu ya mfuniko wa sahani ya petri. Mililita 5 za maji ya chumvi chini ili matone yasikauke. Geuza mfuniko kwa mkono mmoja, kwa haraka na bila kusita. Baada ya saa 24 mara nyingi utaona bapa legevu. Duara kamili huja kati ya saa 48 na 72. Ukichanganya aina mbili zilizotiwa rangi mbili kuona nani anakaa ndani, lazima ubadilishane rangi na kurudia, kwa kuwa baadhi ya rangi hudhoofisha seli na seli dhaifu hubaki nje kwa sababu zisizohusiana na mshikano.

Na kabla ya yote hayo hakikisha seli zako zina hiyo kadherini. MCF-7 zina E-kadherini, MDA-MB-231 hazina. Zote ni za saratani ya matiti, na zote huandikwa "seli za epitheli", yaani za tabaka la kufunika.

Sisi tunalima sifongo baharini. Tunakata kipande, tunakifunga kwenye kamba, kinakua. Ni jambo hilo hilo la seli kujuana? Na tunaweza kuwaonyesha watoto shuleni? (Mkulima, Jambiani, Unguja)

Ni jamaa wa karibu, dada, ila si lile lile. Kipande chako bado ni tishu nzima: seli za kingo huziba jeraha na zilizobaki huendelea na kazi. Ndiyo maana kipande kilichokatwa kwa kisu kikali hupona vizuri kuliko kilichochanwa. Alichofanya Wilson ni kuvunja kila kitu. Seli za sifongo zilizotengana hushikana kwa msaada wa molekuli kubwa za sukari na protini zilizo nje ya seli, ambazo nazo hutaka kalsiamu.

Kuwaonyesha watoto kunawezekana kabisa kwa masalio ya kupogoa. Vaa glavu, maana sifongo nyingi zina miiba midogo ya silika na nyingine huwasha. Chukua kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba, hai, kilichotoka majini muda huo huo. Kifunge kwenye kitambaa laini chenye kufumwa kwa karibu, kitie kwenye bakuli la maji safi ya bahari, ukamue taratibu hadi maji yawe na wingu. Weka wingu hilo kwenye sahani bapa, kiasi kwamba chini pafunikwe bila kujaa. Seli zikiwa nyingi mno hufa kwa kukosa hewa na maji hunuka kesho yake. Kwa hadubini ya shule, ukuzaji wa mara 100, vishada huanza kuonekana ndani ya saa moja au mbili. Weka kivulini, badilisha maji polepole kila siku.

Sahani ya pili iwe ya kulinganisha, yenye maji bandia yasiyo na kalsiamu wala magnesi: kwa lita moja ya maji yaliyochujwa ioni, chumvi ya mezani isiyo na viongezo gramu 27, kloridi ya potasi gramu 0.75, salfeti ya sodi gramu 1, bikaboneti ya sodi gramu 0.2. Osha seli kwenye maji haya mara mbili kabla ya kuziweka. Zitabaki zimetawanyika kwa sehemu kubwa. Mtoto akiziona sahani hizo mbili bega kwa bega hahitaji maelezo marefu kuhusu kalsiamu. Sifongo ndogo kamili msiitegemee. Aina nyingi huishia kwenye donge.

Ninahudumia kliniki ya wajawazito. Mama mmoja aliyezaa mtoto mwenye mgongo wazi aliambiwa kwamba "seli hazikushikana kwa sababu hakula folic". Ni kweli? (Muuguzi, Mwanza)

Dada muuguzi, sehemu ya pili ya maneno hayo humwumiza mama na haina uhakika. Mgongo wazi una sababu nyingi: vinasaba, kisukari kisichodhibitiwa, baadhi ya dawa za kifafa kama valproeti, na upungufu wa folati (vitamini ambayo kwenye vidonge huwa asidi ya foliki). Kwa mama mmoja mmoja mara nyingi haiwezekani kusema ni ipi. Asibebeshwe lawama.

Kuhusu seli: mfumo wa neva huanza kama bapa mgongoni mwa kiinitete. Bapa hujikunja, kingo huinuka, hukutana, huungana, kisha mrija hujitenga na ngozi iliyo juu yake. Kujikunja hufanywa na wavu wa aktini na miosini unaobana upande mmoja wa seli. Seli za mrija hupunguza E-kadherini na kuanza kutengeneza N-kadherini, na za ngozi hubaki na E. Watafiti walipolazimisha N-kadherini ionekane pia kwenye ngozi ya viinitete vya chura, mrija haukutengana vizuri na ngozi. Kwa hiyo kuachiana kunahesabika sawa na kushikana. Folati si gundi. Hutumika kutengeneza DNA na katika kemia nyingine za seli, na tishu inayokua kasi namna ile huihitaji sana.

Muda ndio wa kusisitiza kliniki. Mrija hufungwa kufikia takriban siku ya 28 baada ya kutungwa mimba, wakati mama wengi ndio kwanza wanaona wamekosa siku zao. Vidonge vinavyoanza hudhurio la kwanza, mwezi wa nne au wa tano, vina faida nyingine lakini vimechelewa kwa hili. Mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku, kuanzia walau mwezi mmoja kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Huyu mama uliyemtaja anahitaji kipimo kikubwa zaidi, miligramu 4 hadi 5 kwa siku, kwa maelekezo ya daktari, kabla ya mimba nyingine. Anayetumia valproeti asiache ghafla. Apelekwe kwa daktari abadilishiwe mapema. Na kumbuka kuwauliza wanakula unga gani. Sembe ya mashine ya mtaani kwa kawaida haina asidi ya foliki iliyoongezwa.

Saratani husambaa kwa sababu seli zimeacha kushikana? Basi kwa nini isitengenezwe dawa ya kuzishikisha? (Msomaji, Bukoba)

Kwa baadhi ya saratani, kuachiana ni jambo kuu. Mwaka 1998 Parry Guilford na wenzake waligundua katika familia za Wamaori wa New Zealand kwamba kasoro ya kurithi katika jeni la E-kadherini, liitwalo CDH1, huleta saratani ya tumbo inayotawanyika kwa seli moja moja ndani ya ukuta wa tumbo. Kwa kuwa haifanyi uvimbe wa wazi, kamera ya tumboni huweza kuikosa, na ndiyo sababu wenye kasoro hiyo hushauriwa kuondolewa tumbo kabla ya kuugua. Wanawake wenye kasoro hiyo pia wana hatari kubwa ya saratani ya matiti ya aina ya lobula, ambayo seli zake chini ya hadubini hujipanga mstari mmoja mmoja. Kukosekana kwa E-kadherini ni alama ambayo wataalamu wa patholojia huitumia kuitambua.

Lakini saratani nyingine nyingi husafiri zikiwa vikundi, zimeshikana, na E-kadherini yake ipo. Dawa ya kuzishikisha tu ingezisaidia hizo kusafiri pamoja. Tena E-kadherini ipo ngozini, utumboni, kwenye mapafu. Ukiibadilisha kila mahali unavuruga tishu nzima. Tatizo si kukosa wazo.

Seli zangu zinashika vizuri kwenye plastiki lakini kwenye kioo cha hadubini zinang'oka wakati wa kuosha. Nifanyeje? (Fundi wa maabara, Eldoret)

Hapo hatuzungumzii kadherini. Kushika sakafu ni kazi ya integrini, protini nyingine ya utando wa seli, na integrini haishiki kioo chenyewe. Inashika protini zilizolala juu yake. Plastiki ya kukuzia seli imetibiwa kiwandani ili protini za seramu ziikae vizuri, kioo cha kawaida hakijatibiwa. Osha vioo kwa asidi ya hidrokloriki ya mola 1, suuza mara nyingi kwa maji yaliyochujwa, vikaushe na uviue vijidudu. Kisha vipake fibronektini, mikrogramu 1 hadi 5 kwa kila sentimita mraba, saa moja nyuzijoto 37, usiache vikauke. Integrini kadhaa huitambua kupitia asidi amino tatu, ajinini, glaisini na aspatiki, kama Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walivyoonyesha mwaka 1984. Ukikosa fibronektini, poli-L-lisini itazibakisha seli mahali pake kwa chaji ya umeme, lakini integrini hazitakuwa zimehusika, kwa hiyo usiitumie ikiwa unachopima ni umbo au mwendo wa seli. Unapoosha, elekeza bafa kwenye ukuta wa kishimo na si juu ya seli, na bafa hiyo iwe na kalsiamu na magnesi. Integrini nazo zinazihitaji.